Aliyesoma Gazeti Kuanzia Nyuma

Mama yangu aliwahi kupiga yowe kwa sababu ya punda. Naanzia hapo ingawa punda yule hahusiani kabisa na mtu ninayetaka kumsimulia, na mtu mwenyewe enzi hizo sijui hata alikuwa wapi duniani.

Ilikuwa alfajiri, ukungu umelala chini. Mama alitoka kwenda zizini akaona kitu cha kijivu kimemwinamia ndama, akajua ni fisi. Akapiga yowe. Kwetu Usukumani yowe likipigwa huulizi kapiga nani wala kapigia nini, unatoka. Watu walitoka na marungu, wengine na mikuki, na jirani mmoja alitoka na mwiko, hata yeye mwenyewe hakujua aliuchukulia nini. Kufika, ni punda wa jirani analamba mgongo wa ndama. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini hakuna aliyemlaumu mama hata kwa neno moja. Aliyepata msukosuko ni bwana mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa karibu kuliko zote. Yeye alifika jua limeshatoka, amenawa uso, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Wazee wakamwambia alete mbuzi.

"Mbuzi kwa ajili ya punda?" akalalamika.

"Si kwa ajili ya punda," mzee mmoja akamjibu. "Kwa ajili ya vifungo."

Kisa hicho nimewasimulia watu wengi, na wote hucheka hapo kwenye vifungo. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu pale Maganzo, gazeti limemfunika magoti. Alivua miwani akaniuliza, "Kwa hiyo kwenu anayepiga yowe haombi kibali kwanza?"

"Kibali cha nini, na fisi yupo?"

"Sawa," akasema, akarudi kwenye gazeti lake. Sikujua kwamba nimempa kitu.

Huyo ndiye Msomaji. Jina alikuwa nalo, na wakubwa walilijua vizuri kuliko sisi, utaona mbele. Sisi tulimwita Msomaji, basi. Alikotoka hakusema na hatukumbana. Maganzo ni mji wa watu waliofuata almasi, ukianza kumuuliza kila mtu katoka wapi utakosa wa kunywa naye chai. Kisukuma hakukijua zaidi ya mwangaluka na wabeja, salamu na shukrani, na alivitamka vibaya vyote viwili kwa kujiamini sana.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza chekeche. Nilikwenda Geita kuponda mawe ya dhahabu miaka mingi, nikarudi na kifua kibovu na mikono mizuri, nikafungua kibanda kando ya barabara kuu. Wachimbaji wananiletea chekeche zao zimetoboka, nazisuka upya waya. Na pipa la maji lipo hapo hapo, ili mtu ajaribu kabla ya kuondoka. Kama hujaona inavyofanyika, ni hivi: unatia changarawe ndani ya chekeche, unaizamisha kwenye maji, unaizungusha, unaitikisa, mpaka kilicho kizito kinashuka chini na kujikusanya katikati. Halafu unaipindua chini, paa, kama unavyopindua ugali kwenye sahani. Kile kilichokuwa chini kabisa sasa kiko juu, katikati, kama kiini cha yai. Ndipo unapoinama kutazama. Ya pembeni unayatupa.

Siku ya kwanza Msomaji alikuja kusubiri basi tu. Akamwona mchimbaji mmoja anajaribu chekeche yake. Akatazama. Basi likaja, likapiga honi, likaondoka, yeye bado anatazama. Kesho yake akaja na gazeti, akakaa, akalipindua kifudifudi juu ya magoti, akaanza kusoma kutoka ukurasa wa nyuma, chini kabisa, kule kwenye habari za mistari minne.

"Mzee, gazeti umeligeuza," mchimbaji mmoja akamwambia.

"Nimelipindua," akasema. "Habari nzito huzama. Huko mbele wameweka magwangala."

Magwangala, kwa asiyeyajua, ni yale mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, yanayomwagwa nje ya migodi kule Geita watu wagombanie. Wachimbaji walielewa palepale. Ungeweza kuwafundisha mwaka mzima darasani wasielewe vile.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi. Magazeti yalitufikia kwa mabasi, ya jana, mara nyingine ya juzi, nayo hakuona ni hasara. Alisema gazeti la leo lina moto, kila mtu anapiga kelele. La jana limeshapoa, unaweza kupekua majivu uone nini kimeungua. Alivaa koti moja la kahawia lenye kalamu tatu mfukoni, na sikuwahi kumwona akiandika. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Na kwa kuwa wazee wetu wengi Kiswahili chao ni cha mnadani tu, Mama Shija, aliyeuza uji na maandazi ubavuni mwa kibanda changu, alikuwa anatafsiri. Habari ya mistari minne ikipita kwa Mama Shija ilitoka na wake wawili na watoto. Msomaji alisubiri kwa heshima, kisha akasema, "Mama Shija, hayo ya mke mdogo hayamo humu."

"Yamo," Mama Shija alijibu akikoroga sufuria. "Hawakuwa na nafasi ya kuyaandika."

Nakumbuka habari ya chatu. Iliandikwa kwamba chatu mkubwa ameingia ofisi ya kijiji kimoja, akakaa humo siku tatu ndipo akagunduliwa, na kwamba hakuna aliyejeruhiwa. Watu wakaanza mambo ya uchawi, nani kamtuma, kamtuma kwa nani. Msomaji akanyanyua kidole. "Siku tatu ofisini, hakuna aliyemwona. Hamjaona habari iliyozama hapo? Habari ni kwamba siku tatu hakuna mtu aliyefika kazini." Mchimbaji mmoja akasema labda chatu ndiye aliyekuwa anahudumia wananchi, na kwamba angalau yeye alikuwa haombi chochote.

Kulikuwa na ile ya kiongozi mmoja aliyezindua choo cha shule. Kakata utepe, kapiga picha, kahutubia. Msomaji alituonyesha picha, akatuambia tuhesabu watu waliovaa suti mbele ya mlango wa choo. Wakahesabiwa kumi na mmoja. Matundu ya choo yalikuwa mawili. "Siku hiyo," akasema, "hakuna mtoto aliyejisaidia."

Usidhani alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa na hasira, ila aliikunja vizuri kama gazeti. Kuna wakati gazeti alilolipenda lilifungiwa. Walisema limeandika yasiyotakiwa, na yaliyotakiwa hawakuyataja. Siku ya kwanza ya kufungiwa alikuja vilevile, akakaa, mikono mitupu juu ya magoti. Mimi nikadhani sasa amekwisha. Akaagiza andazi. Mama Shija akamfungia kwenye kipande cha gazeti la zamani, kama alivyowafungia wote. Msomaji akalitoa andazi, akampa mtu, akakunjua karatasi, akaanza kusoma.

Miezi mizima tulisoma karatasi za maandazi. Habari ilikuwa inaanzia katikati na kuishia katikati, mafuta yamefunika majina, na wachimbaji walikuwa wanaletana vipande kutoka mifukoni kutafuta vinavyoungana. Siku moja kikapatikana kipande chenye ahadi ya kisima, ya mkubwa mmoja, miaka mitatu nyuma. Na wiki ile ile mkubwa huyo huyo alikuwa amepita na kipaza sauti akitoa ahadi ile ile. Msomaji aliinua karatasi juani, mwanga ukapita kwenye doa.

"Maneno hayajabadilika hata moja," akasema. "Wameongeza mafuta tu."

Sasa niseme na ubaya wake, maana mtu asiye na ubaya simjui na nisingemwamini. Alikuwa mgumu wa kusamehe, akikosana na mtu anamruka kwenye salamu mwaka mzima. Alikuwa mchoyo wa miwani yake. Na timu yake ya mpira ikifungwa, ukurasa wa michezo unapotea. Alikuwa anakuja na gazeti lina pengo, ukimuuliza anasema limetoka Dar es Salaam hivyo hivyo. Siku moja mchimbaji mmoja akamkuta dukani anauchana, akaja nao mbio mpaka kibandani, ameuinua kama bendera.

"Wewe Msomaji! Unatusomea uhuru wa habari asubuhi mpaka asubuhi, kumbe wewe nawe ni serikali!"

Tukamcheka sana. Alifuta miwani kwa pindo la koti. "Ni kweli," akasema. "Nilifungwa matatu, nikaona aibu, nikaficha. Hivyo ndivyo inavyoanza. Hakuna anayeanza kwa kuficha wizi, watu huanza kwa kuficha aibu." Kisha akausoma ukurasa wote kwa sauti, mabao yote matatu, na dakika zake.

Mimi alinifundisha kusoma. Darasa la pili niliacha nikachunge, herufi nilizijua kama unavyowajua watu wa mji wa jirani: sura unaikumbuka, jina hulipati. Alikuwa ananiwekea kidole kwenye neno wakati nasuka waya. "Hili?" "Wa-zi-ri." "Na hili?" "A-ka-nu-sha." Nilijua kusoma akanusha kabla sijajua kusoma jina la mama yangu. Lilikuwa linatokea mara nyingi.

Basi akaja Mtendaji wa Kata mpya. Kijana msafi, mpole, mwenye adabu zote, sitasema vinginevyo. Alikuja akiwa na faili kwapani.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Wazee wangu, nimeambiwa hapa pana mkusanyiko kila asubuhi. Mkusanyiko unahitaji kibali."

"Mimi sikusanyi mtu," Msomaji akasema. "Mimi nasoma. Wao ndio wanaokusanyika. Waandikie wao."

"Mzee, mimi natekeleza tu. Soma, lakini soma kimya."

"Nikisoma kimya wataniuliza nimecheka nini."

"Basi usicheke."

Huo ndio ulikuwa utaratibu kwa muda. Msomaji alikuja, akakaa, akasoma kimya, na katikati akawa anatikisika mabega. Wachimbaji nusura wapate wazimu. "Nini, Mzee? Wamefanya nini tena?" Naye anaweka kidole mdomoni na kuelekeza macho upande wa ofisi ya kata. Nakuambia hakuna kipindi ambacho watu wa Maganzo walitaka kujua habari kama kipindi kile. Wengine walianza kununua magazeti wenyewe na kuyaleta kwangu niwasukumie herufi.

Asubuhi moja alikuwa anasoma na mabega hayakutikisika. Alisoma chini kabisa ya ukurasa wa ndani, akarudia, akarudia tena. Nikaacha waya.

"Kuna nini?"

Akaniwekea kidole. Lilikuwa tangazo, herufi ndogo kama chawa. Nilisoma maneno mawili matatu nikachoka, akanisomea kwa kunong'ona. Lilisema eneo fulani katika kata yetu, lenye bwawa lisilotumika, linakusudiwa kubadilishwa matumizi na kupewa mwekezaji, ambaye hakutajwa. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi wilayani ndani ya siku thelathini tangu kutolewa.

"Bwawa gani hilo lisilotumika?" nikauliza.

"Kuna mabwawa mangapi hapa, fundi?"

Lilikuwa moja. Lambo letu. Lambo lile ndiko wachimbaji wadogo wanakosafishia changarawe, ndiko ng'ombe wa vijiji vitatu wanakonywa kiangazi, ndiko Mama Shija anakochota maji ya kuoshea vyombo vyake. Lisingekuwepo lambo, Maganzo ya watu kama sisi isingekuwepo. Mimi ningemsukia nani chekeche? Msomaji alihesabu kwa vidole. Gazeti lilikuwa la juzi, lakini tarehe ya tangazo lenyewe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Siku ishirini na moja zilikuwa zimeshapita, gazeti moja tu ndilo lililotoa, na hakuna mtu aliyesikia. Zilibaki tisa.

Tukaenda kwa Mtendaji, mimi na yeye. Akalisoma tangazo, na ninaapa alibadilika rangi, hakuwa analijua. Lakini akasema mkutano wa kijiji una ratiba, na ratiba inasema baada ya wiki mbili.

"Baada ya wiki mbili tutakutana kujadili nini?" Msomaji akamuuliza. "Kumbukumbu ya lambo?"

"Mzee, mimi siwezi kuitisha mkutano kinyume cha ratiba. Na wewe usiitishe. Nakuomba. Ukiitisha nitalazimika."

"Nimekusikia, mwanangu."

Tulitoka. Alitembea mbele yangu mpaka katikati ya barabara, pale mbele ya kibanda, jua liko utosini. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na kalamu. Halafu akapiga yowe.

Sikuwahi kusikia yowe baya kama lile. Hakuwa Msukuma, hakujua linavyopandishwa, lilitoka kama mtu aliyebanwa kidole kwenye mlango. Lakini yowe ni yowe. Kwanza alitoka Mama Shija na upawa unachuruzika uji. Wakatoka madalali wa mawe, wakatoka wachimbaji kutoka lamboni wametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, wengine na chekeche mikononi. Filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa jadi, zikaanza kujibizana kuelekea Songwa. Na mwisho akaja kamanda wa sungusungu mwenyewe, mzee mkavu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, rungu begani.

"Mwizi yuko wapi?"

"Huyu hapa," Msomaji akasema, akagonga gazeti.

Kamanda alilitazama gazeti, akamtazama yeye. Yowe la uongo kwetu ni kosa kubwa.

"Ameiba nini?"

"Hajaiba bado. Ana siku tisa."

"Nauliza nini."

"Lambo."

Watu wakaguna. Kamanda hakujua kusoma, lakini ng'ombe wake walijua kunywa. Akakaa juu ya benchi langu, akalaza rungu mapajani. "Soma," akasema. "Kwa sauti. Na wewe Mayu," akamgeukia Mama Shija, "leo usiongeze kitu."

Msomaji akasoma. Mama Shija akatafsiri neno kwa neno, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Walipofika kwenye maneno "bwawa lisilotumika", mchimbaji mmoja mwenye matope mpaka kwenye nyusi alijitazama mikono, akauliza, "Sasa mimi nimetokea wapi?"

Hapo ndipo Mtendaji akafika. Ofisi yake iko hatua mia moja. Alifika anafunga kifungo cha shingo, faili kwapani. "Wazee, mkusanyiko huu hauna kibali!"

Kamanda aliinuka polepole. "Mtendaji. Yowe hukulisikia?"

"Nimelisikia, lakini..."

"Kijiji kizima kimefika, mpaka vilema. Wewe uko hapo karibu, umefika wa mwisho. Na umefunga vifungo." Akageuka kwa watu. "Kwa sheria yetu, huyu analeta nini?"

"Mbuzi!" watu wakapiga kelele, na kicheko kikatoka ambacho nadhani kilisikika mpaka Mwadui. Nilimtazama Msomaji. Alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akacheka kwa kile kisa cha punda.

Sheria nyingine zote tulizifuata. Pingamizi liliandikwa alasiri ile ile kwenye madaftari ya shule, Msomaji anataja, watoto wa Mama Shija wanaandika. Asiyejua kutia sahihi alitakiwa kuweka dole gumba, na kidau cha wino hatukuwa nacho. Mtu akasema tukachovye lamboni. Wakapanga foleni ukingoni, wanachovya dole kwenye tope jeusi na kubandika, mmoja mmoja, mpaka karatasi zikawa nzito. Tulizikausha juani kama michembe ya viazi. Siku ya pili tukazipeleka Mhunze, wilayani, mimi, kamanda na Msomaji. Yule karani wa mapokezi alizishika kwa ncha za vidole.

"Hizi si alama za wino. Hili ni tope."

"Ndiyo," Msomaji akasema. "Lile lambo lisilotumika, limetia sahihi lenyewe."

Karani akatazama mlango, kisha akagonga muhuri wa kupokea kwenye kila karatasi.

Lambo lipo. Kiangazi hiki ng'ombe wamekunywa humo, na jana nimesuka chekeche nne za watu wanaosafishia humo. Tangazo lilifutwa kwa tangazo jingine, dogo zaidi, ukurasa wa ndani, chini.

Lakini kuna mtu lazima alipie yowe. Msomaji aliitwa kituoni, akakaa ndani siku mbili, akatoka na koti lile lile na kalamu mbili. Ya tatu, alisema, wameibakiza ichunguzwe. Walimtaka atie sahihi karatasi ya kuahidi kutosoma hadharani tena. Akaisoma, kuanzia chini, akawarudishia. Baada ya wiki ikaja barua bila kuhitaji sahihi yake. Ilikuwa na jina lake lote, majina matatu, ambayo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasikia yakiwa pamoja. Ilimkataza, yeye, kusoma gazeti au maandishi yoyote mbele ya watu ndani ya kata hii. Aliyeileta ni yule Mtendaji, peke yake, kwa miguu. Hakuwa na faili. Alisema shikamoo mara mbili, akasimama pale kama mtu anayetaka kuambiwa kitu, hakuna aliyemwambia, akaondoka. Mbuzi alikuwa ameshamleta, niseme ukweli, na alikuwa amenona.

Siku hizi watu wanaotoka Geita wananiletea maneno. Mmoja anasema kuna mzee huko Katoro anasoma magazeti kwa wachimbaji, anaanzia nyuma. Mwingine anasema ni Nyarugusu, na si mzee, ni mwanamke. Mimi sijui. Labda ni yeye, labda ni ugonjwa aliouacha unaambukiza. Mara ya mwisho nilimwona mwenyewe, nitakuambia ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine, siku mbili tatu baada ya barua. Wachimbaji walikuwepo, Mama Shija yupo, kamanda yupo, siku hizo alikuwa anakuja kunywa uji. Msomaji akaja na gazeti na mfuko mdogo wa nailoni. Hakukaa. Kila mtu anajua barua inasema nini, kila mtu anataka kuona atafanya nini.

Akaninyang'anya koleo mkononi, akaniwekea gazeti.

"Leo soma wewe, fundi."

"Mimi?"

"Barua ina jina langu. La kwako nimelitafuta humo, sijaliona. La Mama Shija halimo. La kamanda halimo."

"Mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe."

"Basi vuka."

Akanivalisha miwani yake. Miwani ile, ambayo hakuwahi kumwazima mtu hata kwa dakika. Akalipindua gazeti magotini mwangu, akaweka kidole chini kabisa, kwenye habari ya mistari minne. Nikaanza.

"Wa-na-ki-ji-ji... wa-na-kijiji wa... wa-me-su-sa..."

"Fundi, habari hiyo itaisha mwaka huu?" mchimbaji mmoja akasema, wakacheka.

"Mwacheni!" Mama Shija akawakemea. "Wewe darasa la saba umemaliza na hujui kusoma kibao cha choo."

Nikaendelea, jasho linanitoka. Wanakijiji wamesusa uzinduzi wa kisima. Wamemtaka mgeni rasmi. Mgeni rasmi anywe. Anywe kwanza yeye. Nilipofika hapo nikaelewa nilichokisoma, mimi mwenyewe, bila kidole cha mtu, na nikacheka kabla ya wengine. Kisha wakalipuka wote, kamanda akamwaga uji, Mama Shija akaanza kutafsiri na tayari mgeni rasmi alikuwa na tumbo na suruali nyeupe.

Nikainua macho nione Msomaji amecheka vipi. Hakuwepo. Nikasimama. Nikaliona lile koti la kahawia mbali kule barabarani, limeshapita maduka ya mwisho, mfuko wa nailoni mkononi, anatembea mwendo wa mtu asiyefukuzwa na yeyote. Nikavuta pumzi nimwite.

"Fundi," kamanda akasema nyuma yangu. "Nyingine."

Nikakaa. Nikatafuta mstari, nikaweka kidole changu. Nilipoinua macho tena, barabara ilikuwa na mbuzi wawili wanavuka. Hakurudi.